Sura ya Nane: Ramani ya Hamsini na Sita

Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo vijana wengine wa Kiganjo, Thika, hubandika picha ya timu ya mpira. Inspekta Nakhumicha aliitazama kabla ya kuketi. Alikuwa ameingia katika vyumba vingi vya watu waliopotea, na kwa kawaida alianza na viatu, maana viatu havina adabu ya kutunza siri za mwenyewe. Viatu vya Lenny Omondi vilikuwa jozi mbili, vimepigwa rangi, vimepangwa chini ya meza. Havikuwa na la kusema.

"Hiyo ni kopi," Akello alisema. "Ile yenyewe alienda nayo Jumanne."

Akello alikuwa dada mkubwa wa Lenny, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye hakuwa amevua aproni ya kiwandani. Baba yao alipokufa, yeye ndiye aliyeacha shule akaja Thika kutafuta kazi, ili Lenny asomee upimaji wa ardhi. Sasa ilikuwa Ijumaa saa tatu asubuhi na hakuna aliyekuwa amemwona Lenny tangu Jumanne.

"Mama anapiga simu kila jioni kutoka Siaya," alisema. "Namwambia Lenny yuko site, hakuna network. Jana akaniuliza, kwani hiyo site iko mbinguni? Madam, leo akipiga sitaweza tena. Nitamwambia nini?"

Nakhumicha alijichukia. Siku mbili nzima zilikuwa zimepotea, na yeye ndiye aliyezipoteza. Pikipiki ya Lenny ilipatikana Jumatano huko Kahawa Wendani, nje ya hosteli ya wanafunzi, ufunguo ukiwa umeachwa ndani. Kituo kizima kikaamua ni mambo ya wasichana. Nakhumicha akamhoji mwanafunzi mmoja aitwaye Cindy kutwa nzima, na Cindy akalia kutwa nzima, kwa sababu Lenny alimwacha mwezi wa nne na yeye alidhani polisi wamekuja kumrudisha Lenny kwake.

Jana usiku ndipo Nakhumicha alipoitazama tena picha ya ile pikipiki, akaona kitu ambacho hata mtoto wa darasa la pili angekiona.

"Lenny ana urefu gani?"

"Mrefu. Hapa mlangoni huwa anainama."

"Vioo vya pikipiki yake vilikuwa vimeinamishwa chini kabisa. Aliyeipeleka Wendani ni mtu mfupi."

Akello alishika kingo za kitanda kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, "Basi kuna mtu anajua mahali yuko."

Nakhumicha alipanda kitandani na soksi zake, akaisogelea ramani. Ilikuwa ya mwaka 1956, ya Bonde la Karathe, kilomita chache nje ya Ruiru. Mistari ya kahawia ilionyesha miinuko, mto ulichorwa kwa buluu, na kati ya kilima na mto palikuwa na nukta nyeusi nyingi zilizozungukwa na mstari wenye meno. Alijua maana yake. Hizo nukta zilikuwa nyumba, na yale meno yalikuwa handaki. Wakati wa hali ya hatari, wakoloni waliwasomba watu kutoka mashambani wakawarundika katika vijiji vya namna hiyo. Kijiji hicho hakikuwepo tena kwenye ramani yoyote ya baadaye.

Lenny alikuwa ameongeza mambo mawili kwa penseli. Kwanza, mstari kutoka kwenye mwamba ulioko kilimani hadi mtoni, na kando yake maneno: *matoka 11*. Pili, duara kuzunguka herufi tatu ndogo za buluu zilizochapishwa karibu na maji: *Ram*.

Aliing'oa ramani ukutani taratibu ili isichanike, akaikunja.

"Usizime simu," alimwambia Akello.

*

Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa bado haujaondoka walipofika Karathe, na ilikuwa imepita saa tano. Konstebo Gathogo, aliyekuwa akiendesha, aliegesha gari kando ya kibanda cha chai pale juu ya kilima. Toka hapo bonde lilipaswa kuonekana lote. Hawakuona kitu ila weupe, na ncha za nguzo za stima zikitokeza humo.

Mwenye kibanda aliitwa Rachael, mama wa miaka sabini na mbili mwenye koti la mwanamume na ulimi mwepesi. Aliwamiminia chai kabla hawajaagiza.

"Mmekuja juu ya yule kijana mrefu," alisema. "Mmechelewa. Hapa hata wa kutoza ushuru wa soko huwahi kuliko polisi."

"Cucu, tusamehe," Gathogo alisema, akimwita nyanya kwa Kikuyu. "Ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuja wiki mbili zimepita, akaniuliza mpaka wa shamba la mama yangu. Nikamwonyesha kwa kidole toka hapa juu. Ulikuwa umepandwa matoka, kutoka kwa mwamba mpaka mtoni. Akahesabu moja moja, akaandika. Njau anasema matoka hayakuwahi kuwa hapo. Yule kijana akaniambia, cucu, yako kwa kitabu changu, sasa hayawezi kupotea."

"Njau ni nani?"

"Msimamizi wa hili shamba la kahawa linalokatwa ploti. Yeye ndiye anatembeza wanunuzi. Kipande cha mama yangu amekiweka ndani ya ploti zake, na mimi ni mwanamke mzee, nitampeleka wapi?"

Nakhumicha alikunjua ramani juu ya benchi, akaweka kidole kwenye zile herufi tatu. "Na hii Ram ni nini?"

Rachael hakuitazama ramani. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Ramu," alisema. "Mashine ya mzungu ya kupandisha maji. Haikuwa ya stima wala ya mafuta. Mto wenyewe ndio ulikuwa unaigonga. Tup. Tup. Tup. Usiku na mchana. Mimi nilizaliwa nikiisikia, tukiwa huko kijijini ndani ya handaki."

"Iko wapi sasa?"

"Iliuzwa skrepu mwaka wa tisini na moja. Niliona lori ikiibeba na haya macho." Alikunja kitambaa mara mbili, kisha mara ya tatu. "Na Jumanne usiku ikaanza tena."

Gathogo aliweka kikombe chini.

"Si mimi peke yangu," Rachael aliendelea. "Uliza mtu yeyote hapa juu. Mchana malori yanaizima, lakini usiku inasikika vizuri. Watu wanasema ni wale wa kijiji. Walizikwa huko chini bila majina, na sasa tingatinga limewaamsha. Jumatano pasta alikuja akaomba pale kwa geti. Hakushuka. Hakuna mtu anashuka."

"Na wewe unafanya nini ukiisikia?"

"Nafunga dirisha, naongeza redio. Ningefanya nini?"

Nakhumicha aliinuka, akazunguka nyuma ya kibanda. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kwenye bomba la chuma lililotoka ardhini, limeliwa na kutu, nene kama mkono wa mtu mzima. Aliligusa. Lilikuwa baridi na kimya.

"Hili bomba ni la nini?"

"La zamani. Lilikuwa linaleta maji ya ramu kwa tangi. Tangi lilibomoka, bomba likabaki. Linanisaidia kuanika."

"Leo umeisikia?"

"Asubuhi kidogo. Lakini polepole." Rachael alitafuta neno. "Ni kama imechoka."

Nakhumicha aliligusa tena lile bomba, na hakuwa akifikiria mizimu. Mashine haichoki.

"Gathogo," alisema, "lete koleo na ile kamba ya gari. Halafu piga redio, tunataka ambulensi na watu wa uokoaji."

*

Njau walimkuta njiani katikati ya mteremko, akitokea kwenye ukungu na gambuti zake kana kwamba alikuwa akiwangoja. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mpole wa sauti, mwenye kofia ya wazee wa kanisa. Kimo chake hakikufika begani mwa Gathogo.

"Karibuni, afande. Pole kwa hii baridi."

"Lenny Omondi alikuwa hapa Jumanne?"

"Alikuwa. Alifanya kazi mpaka saa nane, akawasha pikipiki akaenda. Mimi mwenyewe nilimfungulia geti."

"Alivaa helmeti?"

"Alivaa."

"Ya rangi gani?"

Njau alifikiri kidogo. "Nyeusi."

Helmeti ya Lenny ilikuwa Kiganjo, nyekundu, juu ya kabati. Akello alisema huwa anaisahau kila siku na wao hugombana kila siku. Nakhumicha akamnyooshea Njau ramani. Njau hakuishika. Aliweka mikono nyuma, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu cha wenyewe.

"Tunatafuta mahali ramu ilikuwa," Nakhumicha alisema.

"Haa, ile ilifukiwa na tingatinga kitambo. Nitawaonyesha."

Aliwapeleka upande wa juu wa mto, mbali, kupitia visiki vya kahawa vilivyong'olewa na kulazwa mizizi juu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Gathogo alimpoteza mara mbili na kulazimika kuita. Walifika mahali palipokuwa na mawe na udongo uliolimwa. Gathogo alichimba mpaka shati likamshika mgongoni. Hakukuwa na saruji wala chuma. Nusu saa iliteketea hapo, na Njau alisimama kando akisema pole kila koleo lilipogonga jiwe.

Nakhumicha aliwaacha, akatazama ramani tena. Kahawa ilikuwa imekwisha, nyumba zilikuwa zimekwisha, hata handaki lilikuwa limesawazishwa. Lakini mwamba ulikuwepo, akauona ukitokeza juu kama kichwa cha ng'ombe, na mto ulikuwa bado unapinda palepale ulipopinda mwaka wa hamsini na sita. Njau alikuwa amewapeleka robo kilomita kutoka mahali penyewe.

"Gathogo. Acha hapo. Tunarudi chini."

Walifika mwambani, naye akafuata mstari wa penseli kuelekea mtoni. Hatua ya ishirini, mguu wake ulizama kidogo. Palikuwa na shimo lililofukiwa, udongo wake bado laini. Hatua saba mbele, shimo jingine. Kisha jingine. Alihesabu kumi na moja, yamenyooka kama yaliyopigwa rula, mpaka mtoni.

Gathogo alisimama kwenye shimo la kwanza, hakutaka kusogea.

"Madam," alisema kwa sauti ya chini, "haya yalikuwa matoka."

"Nieleze. Kwetu Bungoma hatuna."

"Ni mmea wa mpaka. Majani mapana, chini ni kama kitunguu kikubwa. Wazee wakishapanda, umekwisha huo mpaka. Huwezi kuuhamisha. Ukihamisha, laana inakufuata wewe na watoto wako. Cucu yangu hata kuyakanyaga alikuwa anatukataza." Alimgeukia Njau. "Nani aling'oa haya?"

"Ni tingatinga," Njau alisema.

"Tingatinga halichimbi mashimo ya jembe," Nakhumicha alisema. "Na halifukii likimaliza." Alimsogelea. "Sasa Gathogo, niambie. Mtu wa hapa, mzee, mtu wa kanisa, aking'oa matoka kumi na moja kwa mkono wake, atayatupa wapi?"

"Hawezi kutupa." Gathogo hata hakufikiri. "Akitupa yakauke, huyo amejimaliza. Hata akiwa mwizi atayapanda mahali."

"Basi tutafute mahali alipoyapanda."

Zile herufi tatu kwenye ramani zilikuwa ndogo kama punje za mtama, lakini zikipimwa kwa miguu zilifunika mita mia mbili za kichaka. Mtu angechimba humo wiki nzima. Walipita wakiinua matawi, Nakhumicha mbele, Njau katikati, Gathogo nyuma. Mto ulikuwa ukisikika lakini hauonekani. Hakukuwa na ndege. Nakhumicha alijikuta akitembea kwa vidole, kama mtu aliye ndani ya nyumba ya wagonjwa, na hakujua kwa nini.

Waliyaona yote kwa pamoja. Matoka kumi na moja, yamesongamana katika duara moja dogo chini ya kichaka kinene, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mpaka wa mtu yeyote. Majani yalikuwa yameanza kulegea. Mtu alikuwa ameyamwagilia maji. Kopo lilikuwa bado hapo.

Kando yake, kipande cha bomba la kutu kilitokeza ardhini kwa urefu wa kiganja.

Nakhumicha alipiga magoti, akaokota jiwe. Aligonga bomba mara tatu, akaweka sikio. Hakusikia ila damu yake mwenyewe. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi, akafikiria simu ya jioni kutoka Siaya.

Kimya.

"Imenyamaza tangu saa nne," Njau alisema.

Alikuwa amesema kwa upole, kama anayempa pole mfiwa. Kisha akasikia alichosema. Gathogo alimgeukia taratibu sana.

"Nilikuuliza kitu kuhusu sauti?" Nakhumicha alisema. "Sijataja sauti yoyote tangu nikuone."

Njau alivua kofia yake. Maneno yakaanza kutoka bila kuulizwa. "Alikuwa na kitabu chake. Alisema ataandika vile alivyoona, hata nikimwomba vipi. Nikamwambia njoo nikuonyeshe mahali ramu ilikuwa, ndani ya shimo la saruji. Akainama. Sikumpiga, afande, nilimsukuma tu, nikarudisha kifuniko. Nilijua atakwisha siku hiyo. Kila asubuhi nakuja kusikiliza. Kila asubuhi anagonga."

"Na matoka?"

"Nilitaka yasikauke," Njau alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Nakhumicha alimfunga pingu kwenye mti. Kama angefungua mdomo wakati huo, angesema maneno ambayo inspekta hapaswi kusema mbele ya konstebo.

Gathogo alikuwa ameshika koleo lakini hachimbi. Aliangalia yale matoka, kisha akaweka koleo chini, akapiga magoti, akaanza kuyatoa kwa mikono, moja moja, kila moja na udongo wake. Aliyapanga kando kwa mstari. Alifanya haraka. Chini ya la mwisho kulikuwa na saruji.

Ndipo bomba likagonga.

Mara moja tu, dhaifu, kama mtu anayebisha mlango ambao hatarajii kufunguliwa. *Tup.* Na kutoka juu kilimani, ndani ya ukungu, walisikia waziwazi dirisha la mbao likifungwa kwa kishindo.

Walikisukuma kifuniko kwa koleo na kwa mabega. Harufu ya maji yaliyolala iliwapiga usoni. Lenny Omondi alikuwa ameketi ndani ya maji yaliyofika magotini, mguu mmoja umepinda vibaya, jiwe mkononi. Alifumba macho kwa sababu ya mwanga, ingawa haukuwa mwanga wa kutosha kumsumbua mtu mwingine yeyote. Gathogo alishuka kwa kamba, akamkumbatia, akaanza kumwita bro, bro, bro, na hakuweza kusema kingine.

Walipomlaza kwenye nyasi, Nakhumicha alipiga simu. Akello aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Yuko hai," Nakhumicha alisema. "Mguu umevunjika. Ambulensi iko njiani." Alimwangalia Lenny akipumua. "Mama akipiga jioni, mwambie network imerudi."

Gathogo alikuwa amepiga kelele kuelekea kilimani, kwa Kikuyu, akiomba blanketi na chai. Alirudia mara nyingi. Hatimaye nyayo zilisikika, na Rachael akatokea kwenye ukungu, na chupa ya chai mkono mmoja na blanketi kwenye mkono mwingine. Alitembea kama mtu anayekanyaga makaa. Hakuwa ameshuka bondeni tangu lori lilipobeba ile ramu. Aliona matoka yaliyopangwa kwa mstari, akaona shimo, akamwona Njau kwenye mti. Kisha akamwona yule kijana mrefu.

Alipiga magoti akamfunika blanketi. Lenny alifungua macho.

"Niligonga," alisema, kwa sauti iliyokauka. "Kila usiku niligonga. Cucu, hakuna mtu alisikia?"

Gathogo alitazama chini.

"Nilisikia, mwanangu," Rachael alisema. "Nikaongeza redio."